Nani ana ufunguo wa daftari ya koperative?



Masomo yetu mengi yanasema juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Somo la leo halitoki shambani. Linatoka depo, siku ya kulipana. Ni siku ile sekretere anasoma liste kwa sauti, na mama mmoja nyuma kabisa anasimama na kusema: «Jina yangu haiko mu liste. Miye niko memba tangu mwanzo.» Koperative karibu zote nilizotembelea huku Lualaba, kuanzia Lubudi mpaka Mutshatsha, zinaijua siku hiyo.

Zamani tulikuwa na daftari ya karatasi, na kosa lilionekana kwa macho: mstari umefutwa, wino ni mwingine. Sasa koperative nyingi zimepewa na miradi daftari ya kwenye intaneti. Kilo zinaandikwa ndani ya telefone pale kwenye baskili, zinatumwa, na mwisho wa mwezi ripoti, ama rapore kama tunavyosema, inatoka imepangwa vizuri. Memba wakiuliza, wanajibiwa: «Mashini njo imesema.» Lakini mashini haisemi kitu. Inajibu tu swali mtu aliloiuliza, kwa maneno yale watu walioingiza. Kwa hiyo lazima memba wote, si sekretere peke yake, wajue mambo mawili: nani ana ruhusa ya kugusa daftari ile, na swali gani limeulizwa ili ripoti itoke.

Daftari hii inafanyaje kazi

Nitachukua mfano wa KoboToolbox, kwa sababu njo chombo ambacho miradi mingi inatumia huku Congo. «Kobo» ni neno la Kiacholi, luga ya kaskazini ya Uganda, na maana yake ni kuhamisha. Kilianzishwa na watafiti waliokuwa wakiuliza watu maswali kaskazini ya Uganda na mashariki ya nchi yetu, wakachoka kubeba makaratasi.

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza iko kwenye telefone: ni fishi yenye maswali. Namba ya memba, tarehe ya kupima, kilo, namba ya resi. Fishi inajazwa hata pasipo rezo, inakaa ndani ya telefone, na siku telefone inapata konekisyo inatumwa. Sehemu ya pili iko mbali, kwenye mashini kubwa ya intaneti. Pale kila fishi inakuwa mstari mmoja katika tablo kubwa. Mwenye konti na neno la siri anaweza kufungua tablo ile kwa telefone ama ordinatere, kuchuja mistari anayotaka, kujumlisha, kutoa ripoti, na kuichukua katika Eksel.

Wagonjwa wetu wanahesabiwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Santre de sante inajaza karatasi yake kila mwezi, na ofisi ya zone de sante inaingiza hesabu katika chombo kinachoitwa DHIS2, kilichotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko katika kazi iliyoanzia Afrika ya Kusini miaka ya 1990. Muganga wa santre hawezi kubadili hesabu ya santre ingine. Kila mtu ana mlango wake. Sisi kwenye koperative mara mingi tuna mlango mmoja, na ufunguo mmoja unaopita mkono kwa mkono.

Kosa langu mwenyewe

Nitawaambia jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Miaka michache iliyopita nilisaidia koperative moja ya mahindi, upande wa barabara ya Likasi, kuweka daftari yao kwenye intaneti. Sitaitaja jina. Nilikuwa na haraka, mavuno yalikuwa yameanza, nikafungua konti moja tu, na neno la siri nikaliandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa depo, upande wa ndani. Watu watatu walikuwa wanaitumia: mpimaji, sekretere kijana, na mimi. Niliona ni rahisi. Kwenye institi ya agronomia tulijifunza miaka mitano mambo ya udongo na mimea, lakini juu ya daftari hatukupata hata saa moja.

Siku ya malipo mama mmoja alisomewa kilo 142. Akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa resi: kilo 412. Resi ilikuwa na sahihi ya mpimaji. Mama akalipwa haki yake, lakini watu wakaanza kuuliza: nani amegeuza? Nikafungua daftari mbele ya komite. Kila mstari unaonyesha jina la konti iliyoutuma. Mistari yote ilikuwa na jina moja: konti ile niliyofungua mimi.

Labda mtu alikosea vidole tu, 412 ikawa 142. Labda hapana. Hatukuweza kujua, na mpaka leo sijui. Lakini watu walimtazama sekretere kijana, kwa sababu yeye njo alikuwa mtu wa telefone. Alisema: «Papa Agronomu, miye sikugusa ile mustari. Banitazama tu sawa mwizi.» Sikuwa na kitu cha kumjibu. Kama ningempa konti yake, daftari ingemtetea, ama ingemshitaki. Kwa vyovyote ingesema. Hakurudi kazini mwaka uliofuata. Baskili yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ile karatasi ya mlangoni, na ni mimi niliyeibandika.

Kugawa funguo

Kwenye KoboToolbox mwenye konti ya koperative anaweza kugawa ruhusa moja moja. Kuna ruhusa ya kuingiza fishi mpya. Kuna ruhusa ya kutazama fishi. Kuna ya kutazama fishi zilizotumwa na watu fulani tu. Kuna ya kubadili fishi iliyokwisha kutumwa, kuna ya kuifuta, na kuna ya kuikubali. Iko pia ruhusa ya kubadili maswali yenyewe ya fishi. Hizi ni kazi mbalimbali, na ni vibaya kuziweka zote katika mkono mmoja.

Ninavyoshauri sasa ni hivi. Mpimaji aingize tu na aone zile alizotuma yeye. Asiwe na ruhusa ya kubadili. Akikosea, ajaze karatasi ndogo ya kosa na kuipeleka kwa sekretere. Sekretere aone zote, na aweze kubadili, lakini asiwe yeye wa kukubali alichobadili mwenyewe. Kukubali ni kazi ya mtu wa komite ya kuangalia hesabu. Chombo kina alama tatu kwa kazi ile: imekubaliwa, haikukubaliwa, inangoja. Fishi isiyokubaliwa isiingie katika ripoti ya malipo. Prezida aone vyote na asiguse kitu. Wako maprezida wanaokasirika wakisikia hivyo, lakini prezida asiye na ruhusa ya kubadili hawezi kushitakiwa kwamba amebadili. Ukimweleza hivyo, anakubali haraka.

Ruhusa ya kufuta mistari mimi simpi mtu yeyote wakati wa mavuno. Mstari mbaya unawekwa alama ya «haikukubaliwa» na unabaki pale, kila mtu auone.

Na mtu akiacha kazi, konti yake inaondolewa kwenye daftari siku ile ile, hata kama ni ndugu wa prezida.

Namba, si jina

Kabla ya ripoti yoyote, kila memba apewe namba. Katika koperative moja ya hapa kwetu unaweza kukuta Ilunga wanne na Kasongo watano. Na mtu mmoja anaandikwa leo kwa jina la baba, kesho kwa jina la batizo, kesho kutwa mpimaji anasahau herufi moja. Mashini haijui kwamba Mutombo na Mutomb ni mtu mmoja. Itawafanya watu wawili, na yule wa pili hatakuwa na mbolea msimu unaokuja, kwa sababu liste ya mbolea inafuata kilo zilizoletwa. Njo maana yule mama wa nyuma hakuona jina lake. Alikuwepo katika daftari, lakini vipande vipande.

Namba iandikwe kwenye karata ya memba na kwenye rejista ya karatasi. Rejista ile isitupwe. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inaomba kila koperative itunze rejista ya memba wake kwenye makao yake, na nchi yetu imo ndani ya OHADA tangu 2012. Daftari ya intaneti inasaidia rejista, haiondoi.

Kuuliza swali sawasawa

Hapa njo penye kazi yenyewe. Tuseme daftari ina mistari mitano tu, ili tuweze kuhesabu kwa vidole.

Memba namba 014 alipima kilo 310 tarehe 3 ya mwezi wa tano. Memba 027 alipima kilo 412 tarehe ile ile. Kisha kuna mstari mwingine wa memba 027, tena kilo 412, umetumwa tarehe 5: mpimaji hakuwa na uhakika kama wa kwanza umekwenda, akauandika upya. Memba 031 alipima kilo 250 tarehe 9. Mwishoni memba 014 akarudi tarehe 30 na kilo 180, lakini rezo ilikuwa imekatika, na fishi ikatumwa tarehe 2 ya mwezi wa sita.

Sasa ulizeni: mwezi wa tano tulipokea kilo ngapi?

Anayejumlisha yote pasipo kuchuja atapata 1564. Anayechuja kwa tarehe ya kutuma, ile ambayo chombo kinaandika chenyewe, atapata 1384. Akiondoa mstari wa pili wa 027 kwa sababu namba ya resi ni moja, atapata 972. Anayechuja kwa tarehe ya kupima, ile mpimaji aliyoiandika katika fishi, na kuchukua tu mistari iliyokubaliwa, atapata 1152. Hesabu nne, daftari moja, na hakuna mwizi. Ya haki ni 1152: memba 014 ana kilo 490, memba 027 ana 412, memba 031 ana 250. Jumlisheni wenyewe.

Kama sekretere angechukua 972, memba 014 angekosa makuta ya kilo 180, na angeambiwa «mashini njo imesema». Kama angechukua 1564, kesi ingetoa malipo ya kilo 412 ambazo haziko depo, na mnunuzi akija na lori yake mngetazamana.

Kwa hiyo kila ripoti iwe na mstari juu kabisa unaosema imechujwa namna gani: tarehe ya kupima kuanzia lini mpaka lini, fishi zilizokubaliwa tu, imetolewa na nani, siku gani. Ripoti isiyo na mstari huo irudishwe kwa sekretere kabla ya kusomwa. Na mstari wenye kurudiwa utambulikane kwa namba ya resi, si kwa kilo. Mtu anaweza kuleta kilo 100 leo na kilo 100 kesho, na zote ni zake.

Kilo zenyewe ni kilo za nini?

Mimi ni agronomu, siwezi kupita hapa kimya. Nimeona daftari zenye kuchanganya mifuko, kilo na meka za soko katika kolone moja. Chombo kinajumlisha tu: mifuko 4 na kilo 310 kinafanya 314, na hakioni haya. Fishi iwe na kilo tu, zilizosomwa kwenye baskili, za mahindi yaliyopukuchwa.

Tena kuna maji. Mahindi ya mwezi wa ine, mvua ikiwa haijakwisha, yanafika yakiwa na maji mengi. Kilo 100 zenye maji asilimia 20, zikikaushwa mpaka asilimia 13 ambayo ni salama kwa depo, zinabaki karibu kilo 92. Kilo 8 zimekwenda na upepo na jua. Kama daftari inaandika kilo za kuingia peke yake, mwisho wa msimu ripoti itasema kuna upungufu, na mlinzi wa depo atafungwa kwa ajili ya maji. Ongezeni swali moja katika fishi: maji asilimia ngapi, kama koperative ina kipimo. Kama haina, andikeni «makavu» ama «mabichi», na mabichi yapimwe upya baada ya kukaushwa. Kilo za malipo ziwe zile ambazo mkutano mkuu umechagua, za kwanza ama za pili, lakini zijulikane mapema.

Nani anatazama kutoka nje

Katika chombo hiki kuna vifungo vinavyoruhusu mtu yeyote, hata asiye na konti, kutuma fishi ama kutazama zilizotumwa. Vifungo vile vinafaa kwa kazi zingine. Kwa daftari ya koperative viwe vimefungwa. Mwambieni msimamizi awaonyeshe kwa macho yenu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwa wakulima wa mahali pengine. Fishi nyingi za miradi zinachukua GPS ya shamba, ukubwa wake na vilivyopandwa. Mashamba yetu yako kati ya konsesyo za madini. Sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inampa mtu anayekaa juu ya udongo haki ya kulipwa fidia shamba lake likiguswa, artikle 281. Siku wapimaji wa kampuni wanapofika, mkulima mwenye mstari wa miaka mitatu katika daftari, na tarehe na GPS na kilo, hasimami mikono mitupu. Lakini tablo ile ile ikiwa wazi, mtu mwenye akili mbaya anaweza kujua nani ana shamba wapi, akaja kulinunua kwa bei ndogo kabla ya mwenyewe kusikia kitu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya numerike yenye kulinda habari za mtu binafsi. Mnayo haki ya kuuliza mradi wowote: GPS yangu inakwenda wapi, nani anaiona?

Ripoti inayobandikwa ukutani mwa depo iwe na namba ya memba na kilo, basi. Memba anajua namba yake. Jirani hana lazima ya kujua. Ripoti isomwe pia kwa sauti, kwa sababu wako wasiosoma, na wao njo wanaopoteza zaidi.

Mradi ukiisha

Hapa koperative nyingi zinaumia. Daftari imefunguliwa kwa konti ya ajenti wa mradi. Mradi unadumu miaka miwili ama mitatu, ajenti anarudi kwao, neno la siri linakwenda naye. Koperative inabaki na telefone mbili na fishi isiyofunguka. Kilo za misimu miwili, zile ambazo benki ama mnunuzi angetaka kuziona kabla ya kutoa krediti, hazipatikani.

Ombeni mapema, wakati mradi ungali mzima, daftari ihamishwe kuwa ya konti ya koperative yenyewe. Chombo kinaruhusu kuhamisha. Konti ile ifunguliwe kwa anwani ya barua-pepe ya koperative, si ya mtu; neno la siri liandikwe katika bahasha iliyofungwa, na sahihi za watu wawili juu yake, ikae pamoja na makuta. Tena kila mwisho wa mwezi sekretere achukue tablo yote katika Eksel, aiweke kwenye kle ya USB, na kuprinti kurasa za malipo. Kurani ikikatika, intaneti ikikatika, karatasi inabaki. Unite za konekisyo ziwe katika bajeti ya koperative. Nimeona sekretere akitoa za mfuko wake mwenyewe miezi sita, mwishowe akaacha kutuma.

Kazi ya mkutano wa mwezi huu

Kabla ya mbegu kugawanywa, chagueni memba kumi, wake na waume, waje na resi zao za mavuno yaliyopita. Sekretere afungue daftari mbele yao na kuchuja kwa namba ya kila mmoja. Linganisheni kilo, resi kwa resi. Palipo tofauti, msibadili kitu siku ile: andikeni namba ya resi, kilo za karatasi, kilo za daftari, na jina la konti iliyotuma. Kisha sekretere afungue ukurasa wa ruhusa na kusoma kwa sauti majina yote yaliyomo na kila mmoja anaweza kufanya nini. Mkisikia jina la mtu aliyeacha kazi, ama jina ambalo hakuna anayelijua, liondolewe kabla ya kufunga mkutano.